Mahindi Yaliyolazwa Kwenye Barafu Kariakoo

Siku mliponiaga mlinikatia keki, mkanivisha khanga, halafu mkaniambia niseme neno. Nikalia. Nililia mpaka mhasibu akasema basi, mama atasema siku nyingine. Hii ndiyo siku nyingine. Nimekaa barazani kwangu, sina mkulima anayenigongea kaunta, na neno lenyewe limekuwa refu. Mnanijua lakini. Mimi mtu akiniuliza saa ngapi, humwanzia tangu jua lilipochomoza.

Habari za vyeo sitazigusa, kila mtu ana zake na zote zinafanana. Nitawaambia nilivyoingia kazini, aliyenifundisha, na ile habari ya barafu, ambayo wengi mmeisikia vibaya kutoka kwa watu ambao hawakuwepo.

Niliingia ghala la pembejeo miaka ile ya Ujamaa, wakati sote ni ndugu, hata mtu anayekutukana anaanza na Ndugu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Ndoto yangu ilikuwa kuimba kwenye bendi, jukwaani, na taa za rangi. Baba nilimwambia nimepata kazi ya mezani. Sikumdanganya, meza ilikuwepo, ila juu yake palikuwa na mizani, na chini yake palikuwa na panya.

Siku ya kwanza nilivaa gauni langu la Idi. Nikaambiwa nisubiri, nikaona gunia limekaa vizuri, nikalikalia. Lilikuwa gunia la mbolea nyeupe ya salfeti, limechanika kidogo. Na nyinyi mnalijua joto la Kariakoo. Niliposimama nilikuwa na ramani nyeupe nyuma, imeshika kama wanja. Mzee mmoja mwembamba aliyekuwa anashona magunia akanitazama, akaendelea kushona, akasema taratibu, "Gauni hilo sasa ukilipanda litaota."

Huyo ndiye Mzee Chinguile, mtunza ghala, Mmakonde wa Newala. Kila ninachokijua kuhusu mbolea kilianzia mkononi mwake. Alinipa bambo, kile chuma chenye mfereji tunachochomea gunia kutoa sampuli bila kulifungua, akanifundisha kulichoma mbavuni, siyo tumboni, ili gunia lisilie. Alinifundisha kuitambua mbolea kwa kiganja. Salfeti inauma ukiwa na kidonda. Yurea ikipata jasho inakuwa baridi mkononi. Na fosfeti, zile punje za kijivu, yenyewe haina habari na wewe. "Fosfeti," alikuwa akisema, "ni mgeni mwenye haya. Pale ulipomkalisha asubuhi ndipo utakapomkuta jioni." Nilidhani ni mzaha wake tu. Ni mzaha, lakini ndio sayansi yenyewe, na wakulima wengi wamepata hasara kwa kutoujua.

Basi, msimu mmoja wa kupanda kwa wenzetu wa nyanda za juu, akaingia mtu amevaa koti. Nasema koti kwa maana ya koti: zito, la sufu, limefungwa vifungo mpaka kidevuni, na nje jua linakaanga lami. Jasho lilikuwa linamtiririka kama mtu aliyetoka kisimani. Alikuwa Ndugu Tweve, mwenyekiti wa kijiji kimoja cha Ujamaa kule juu Njombe. Nyuma yake mvuta mkokoteni alishusha mizigo mitatu: nusu gunia la mbolea yetu ya fosfeti, gunia la udongo wa shambani kwao, na miche ya mahindi iliyofungwa kwenye kigunia kibichi. Nilimwamkia. Hakuitikia marahaba. Alifungua kile kigunia, akaimwaga miche juu ya kaunta.

Ilikuwa ya zambarau. Siyo majani yaliyokauka, hapana. Majani mazima, yana uhai, ila rangi yake ni ya uvimbe wa jicho lililopigwa ngumi.

"Mmetuuzia jivu," alisema. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu foleni nzima ilinyamaza ili isikie.

Lazima mwelewe wakati ule. Mtu akisema umechanganya jivu kwenye mbolea ya vijiji, hasemi umekosea hesabu. Anasema wewe ni adui wa wakulima. Jioni ile ile meneja alifika kutoka makao makuu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema Mzee Chinguile akae pembeni, asiguse gunia wala mizani, mpaka mwenyekiti wa kijiji aridhike au ukweli ujulikane. Asiporidhika, suala litakwenda polisi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaichomeka sindano yake ya magunia ukutani, akatoka uani akakaa kwenye kigoda. Mchana uliofuata nilimpelekea wali na maharage, akasema ameshiba. Mtu ambaye kila siku alikuwa anakula na sehemu yangu.

Ndugu Tweve naye alisema haondoki Dar bila jibu. Hakuwa na pa kulala. Basi Mzee Chinguile, mshitakiwa, akampa mshitaki wake kile chumba cha nyuma ya ghala, akampa na mkeka. Walikuwa wanaamkiana asubuhi kwa adabu kubwa, kisha hawaongei mpaka kesho yake.

Aliyetuokoa ni Bi Manka. Alikuwa bibi shamba, msichana wa Kilimanjaro aliyesomea kilimo chuoni, akiwasimamia wakulima wa mchicha bonde la Msimbazi. Alipita kuchukua mbegu, akaiona ile miche. Hakuuliza habari za mbolea hata kidogo. Alimuuliza Ndugu Tweve, asubuhi akikanyaga shamba lake bila viatu, anasikiaje.

Ndugu Tweve alifikiri, akasema kwao asubuhi hakuna anayekanyaga shamba bila viatu, labda mwendawazimu.

Bi Manka akacheka, akavuta kigoda. Akatueleza kwamba fosfeti haiendi kwa mmea, mmea ndio unaoifuata kwa mizizi. Udongo ukiwa na joto, mizizi inakimbia, wadudu wadogo wasioonekana wanaozesha samadi, chakula kinaachia na kinasogea kidogo. Udongo ukiwa baridi, mizizi inajikunyata, wadudu wanalala, na fosfeti inazidi kuganda pale pale ilipoangukia. "Chakula kiko mezani," alisema, "ila mtoto amepooza kwa baridi, hafiki mezani." Njaa hiyo ndiyo inayoyageuza majani zambarau.

Mimi nilikuwa tayari nimeamini, tena macho yanalengalenga kwa kuwaonea huruma wale watoto wa mahindi. Ndugu Tweve hakuamini. Alisema kwa heshima kwamba maneno mazuri ameyasikia mengi, hata mikutanoni, na yeye ametumwa kuona kwa macho. Bi Manka akamjibu kwamba vizuri, ataona.

Tulichukua udongo wake mwenyewe na mbolea yake mwenyewe, ile ile aliyoiita jivu. Tukajaza madebe matatu, tukapanda mbegu za aina moja. Debe la kwanza tuliliweka juani, mbolea imechanganywa na udongo wote. La pili mbolea imechanganywa vile vile, ila hili litakaa kwenye baridi. La tatu nalo la baridi, lakini mbolea yake tuliiweka kwenye kishimo, kiganja cha udongo juu yake, kisha mbegu. Mambo yalikuwa wazi. Lililobaki ni kuipata baridi ya Njombe ndani ya Kariakoo.

Barafu ilikuwa kwa wauza samaki. Tulipatana nao watuletee kila asubuhi kwa mkokoteni, imefunikwa maranda na magunia. Tukalipasua pipa kwa urefu, tukalilaza uani chini ya kibanda cha bati, tukayasimamisha madebe mawili humo, barafu pembeni. Bi Manka alileta kipimajoto chake cha kuchomeka ardhini na kututahadharisha tusiache maji ya barafu yaingie kwenye debe, maana yana chumvi ya samaki. Nikayafunga madebe kwa nailoni kwa chini, nikatoboa tundu kwenye pipa ili maji yatoke mpaka mtaroni.

Shida ni mbili. Barafu Kariakoo haina nidhamu. Ukigeuka kupokea salamu, imekuwa maji. Na barafu ya samaki inanuka samaki. Siku ya pili paka wa mtaa mzima walikuwa uani kwetu, wamekaa kwa safu kama wajumbe wa mkutano.

Hiyo shida ya kuyeyuka aliitatua Ndugu Tweve mwenyewe. Alituangalia tunavyohangaika na magunia, akasema sisi watu wa pwani hatujui kutunza baridi. Kitu kinachozuia baridi isiingie kitazuia pia isitoke. Akafungua vifungo, kimoja kimoja, akavua koti, akalilaza juu ya pipa kwa urefu, mikono imekunjwa vizuri. Mbegu zilikuwa hazijaota, hazikuhitaji mwanga bado. Mzee Chinguile akampa msuli wake na shati jepesi na kofia ya kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu afike yule mtu akapumua. Kusema kweli tulimwona ni kijana kuliko tulivyodhani.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya Mama Maandazi, jirani yetu aliyekuwa anakaangia nje ya uzio wetu wa mabati. Amemwona mgeni mwenye koti anaingia amekasirika. Hajamwona anatoka. Anaona kila asubuhi barafu inaingia ghala la mbolea. Anasikia harufu. Anamwona Mzee Chinguile kwenye kigoda, hali wala hasemi. Anachungulia kwenye tundu la bati, na kule kibandani anaona koti limelala chali juu ya barafu.

Siku hiyo Ndugu Tweve alikuwa ametoka na Bi Manka kwenda kuona bustani za Jangwani. Mimi nilikuwa napima mbegu mbele. Nikasikia mikeka inatandikwa nje. Nikatoka, nikakuta akina mama wamekaa, khanga kichwani, wanaume kwenye mabenchi, na sufuria kubwa la wali jikoni kwa Mama Maandazi limeshabandikwa. Dar ni hivyo. Mtu anaweza kukunyima chumvi mwaka mzima, lakini ukifiwa, kabla hujalia mkeka umefika. Nikamuuliza mama mmoja nani amefariki, akanikumbatia, akaniambia nisijitie nguvu, nilie tu. Basi nami nikalia. Sikujua namlilia nani, ila kila mtu alikuwa analia vizuri.

Hapo ndipo Ndugu Tweve akarudi kutoka Jangwani, peke yake, na msuli wake na kofia yake. Aliona msiba mlangoni pa mwenyeji wake. Kwao, kama kwetu, mtu hapiti msiba. Akavua viatu, akakaa benchi moja na wanaume, akainamisha kichwa. Baadaye akamuuliza jirani yake kwa sauti ya chini aliyefariki ni nani.

"Mgeni wa Mzee Chinguile," aliambiwa. "Mtu wa bara, wa kule kwenye baridi. Joto limemmaliza."

Ndugu Tweve alisikitika sana. Alinieleza mwenyewe baadaye: alidhani kijiji kimemtuma mtu mwingine kumfuata, na maskini amekufa njiani bila hata kuonana naye. Akauliza marehemu ameacha watoto wangapi.

"Hatujui," yule mtu akamjibu. "Alikuwa na koti."

Kabla hajaunganisha, akafika Maalim Issa, mwalimu wa madrasa ya mtaa wa nyuma. Maalim alikuwa mpole siku zote, isipokuwa kwenye jambo la kuchelewesha maiti. Alimfuata Mzee Chinguile kwenye kigoda chake, akamwambia mbele ya watu kwamba awe Mwislamu awe Mkristo, mwanadamu anazikwa, halazwi na vibua. Kama ndugu zake wako mbali, mtaa huu ni ndugu zake. Jeneza lipo, watu wapo, afungue.

Mzee alimwangalia. Nadhani ndipo alipoelewa, na nadhani alikuwa na hamu ya kucheka aliyoizuia siku nyingi. Akainuka, akatuongoza wote uani. Paka wakapisha. Akalishika koti kwa heshima, akalifunua polepole. Madebe mawili ya udongo yakatutazama.

Maalim aliinama, akachungulia kushoto na kulia. "Na maiti yuko wapi?"

"Hajaota bado," akasema Mzee Chinguile.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa ya watu, ya mtu aliyekuwa bado ana machozi. "Hilo koti ni langu."

Mama Maandazi alipiga yowe moja, akaruka mtaro akiwa na upawa mkononi. Hakukubali kurudi mpaka Ndugu Tweve alipolivaa lile koti, akafunga vifungo vyote, akazunguka mara moja aonekane mbele na nyuma. Wali ulikuwa umeiva, na wali wa msiba haurudishwi. Tukaula. Ndugu Tweve alipakuliwa kwanza, kama mfiwa, na Mzee Chinguile alikaa sinia moja naye. Siku hiyo Mzee alikula. Niliwaona wanazungumza, wanaambiana habari za wake zao.

Tangu hapo mahindi yakawa mali ya mtaa. Waliotuletea mikeka sasa walikuwa wanafukuza paka. Maalim Issa alipita kila baada ya alasiri kuuliza wagonjwa wanaendeleaje. Mimi kwa huruma yangu nilimuomba Bi Manka tuyapumzishe mahindi ya barafu hata Ijumaa tu; akaniambia nikitaka kuyahurumia niyaimbie, barafu niiache. Nikayaimbia. Hiyo ndiyo bendi niliyoipata.

Debe la jua lilitangulia kuota, kijani, limechangamka. Madebe ya barafu yalichelewa sana, tukalisogeza koti likawa linafunika barafu ya pembeni tu ili miche ipate mwanga. Yalipotoka yalikuwa manyonge. Halafu, asubuhi moja, Ndugu Tweve akaniita. Debe la pili, lile lililochanganywa mbolea na udongo wote, lilikuwa linaingia zambarau. Ncha kwanza, kisha kingo, kisha jani. Rangi ile ile. Debe la tatu, pipa lile lile, baridi ile ile, lilikuwa dogo lakini kijani, na wekundu kidogo tu kwenye kingo. Lenyewe chakula chake kilikuwa miguuni.

Alichuchumaa hapo, akaanza kueleza bila kuulizwa. Mwaka ule walipanda mapema, udongo haujapata joto, kwa sababu kulikuwa na wageni wa kuja kukagua na hakuna kijiji kilichotaka kuonekana kivivu. Na mbolea waliirusha shamba zima, kijiji kizima kwa siku moja, wanaimba. Ilikuwa siku nzuri sana, alisema.

Meneja alipokuja alimkuta Ndugu Tweve amesimama, koti mkononi. Alimuuliza rasmi, mbele yetu sote, kama ana malalamiko. Ndugu Tweve akamwonyesha madebe, moja baada ya jingine, kisha akasema maneno ninayoyakumbuka yote. "Mbolea ni nzima. Huyu mzee hajachukua punje ya mtu. Sisi ndio tuliimwaga kama tunalisha kuku, kwenye ardhi iliyolala."

Meneja akampa mkono Mzee Chinguile, akamwambia arudi kazini. Mzee aliingia ndani, na baada ya kitambo tukasikia mizani inalia. Alikuwa anapima gunia ambalo hakuna mteja aliyeliomba.

Kwa hiyo, vijana wangu, mkulima akija amekasirika na majani ya zambarau, msikimbilie kuitetea mbolea wala kumwita mjinga. Muulizeni kwanza amepanda wapi, na asubuhi ardhi ya huko inasikikaje mguuni. Akiwa mtu wa kwenye baridi, mwambieni asubiri udongo upate joto kidogo kama mvua inamruhusu, aongeze samadi, na fosfeti aiweke kwenye shimo, karibu na mbegu lakini isigusane nayo. Majani yaliyokwisha kugeuka asiyalilie; ardhi ikipata joto, yanayofuata hutoka kijani. Hayo tu. Mengine mtayajua kwa kiganja.

Siku ya safari tulimsindikiza Ndugu Tweve mpaka kwenye basi, mimi, Bi Manka, Mzee Chinguile, na nusu ya waombolezaji wake. Mama Maandazi alimfungia chakula cha njiani. Msafiri mwenyewe alikuwa na furaha, ila kila akikanyaga ngazi ya basi anarudi chini. Mzee akamuuliza kuna nini tena.

"Mzee wangu, nafikiria mkutano wa kijiji," alisema. "Walinituma kwa nyimbo. Nimekaa Dar es Salaam muda wote huu. Sasa nisimame mbele yao niwaambie jibu nililopewa mjini ni kwamba kwetu kuna baridi?"

Mzee Chinguile alimshika bega.

"Waambie wasiidharau," akasema. "Waambie sisi huku tuliinunua."